Shikamoo ya Kesho

Ushauri alionipa ulikuwa mzuri. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linaloniuma mpaka leo. Angenifundisha upuuzi ningekwisha kumsahau zamani. Lakini mpaka sasa, nimestaafu na miguu imevimba, bado naandika kwa njia yake, na kila asubuhi nikishika kalamu namkumbuka, nasonya, halafu naendelea.

Nilikuwa mhadhiri msaidizi, msichana wa Bungu aliyeshuka milimani na sanduku la bati mpaka chuo kikuu, miaka michache baada ya Azimio. Katika idara yetu nilikuwa mwanamke peke yangu, ukimwacha karani. Nilipewa miaka miwili ya majaribio, na sharti liliandikwa wazi katika barua ya ajira: kabla ya miaka hiyo kwisha, niwe nimechapisha makala moja katika jarida la kitaaluma. Nikiwa nayo, nathibitishwa kazini. Nikiikosa, nafunga sanduku langu narudi nilikotoka.

Miezi tisa ya kwanza ilikwisha sina hata aya moja. Nilifundisha, nikasahihisha, nikahudhuria vikao vya kupanga vikao vingine. Jumamosi tulilima shamba la chuo, na alipokuja mgeni wa taifa tulipangwa barabarani tangu asubuhi kupunga vibendera. Jioni nilikaa mbele ya karatasi nyeupe nikiwa nimechoka, nikasoma makala za wenzangu na kuwaonea wivu. Nilijiambia kwamba nikipata nafasi nitaandika. Nafasi haikupatikana.

Mkuu wa idara akaniita ofisini kwake. Alikuwa mtu wa makamo, msomi hasa, mwenye sauti ya taratibu ambayo sikuwahi kuisikia ikipanda hata siku moja. Alinifundisha tangu nikiwa mwanafunzi, na yeye ndiye aliyenipigania nikapata kazi. Hakunigombeza. Alinivutia kiti, akaniambia kwamba anayesubiri nafasi atazeeka akisubiri. Niamke kabla ya jua, na kabla sijasema neno na mtu yeyote niandike, saa moja tu, maana ukishaanza kusalimiana na watu kichwa si chako tena. Jambo moja niliandike kwenye kadi moja, fupi, niweze kuzipanga baadaye. Na chini ya kila kadi niweke kaboni. Ya juu nibaki nayo mwenyewe, nakala nimtumie yeye kila mwisho wa mwezi aifungie kabatini, kwa kuwa huko shamba kuna mchwa na kuna mvua.

"Haba na haba hujaza kibaba, ndugu," alimalizia.

Nilitoka ofisini mle karibu nilie kwa shukrani. Methali ile haisemi kibaba ni cha nani, lakini siku hiyo sikuwa na sababu ya kuuliza.

Nilichagua Handeni. Nilikua nikimwona mama yangu Bungu akihifadhi mbegu za maharage kwenye kibuyu, lakini kwetu mvua haitusumbui sana. Nilitaka kujua wanawake wa Handeni, ambako mvua huja inapopenda, wanafanyaje hata kila mwaka wakawa na cha kupanda. Mabwana shamba walikuwa wameshaandika mengi kuhusu mbegu za magunia walizoleta wao. Kuhusu mbegu za mle majumbani hakuna aliyeandika. Nilisafiri hadi Korogwe, nikapanda basi la Handeni, na huko mwenyekiti wa kijiji kimoja akaisoma barua yangu mara mbili, kisha akanipeleka kwa bibi mmoja mjane aliyekuwa na nyumba mlimani, mbali kidogo na wenzake.

Bibi aliniangalia juu mpaka chini. Alipojua natoka Bungu alifurahi, akasema leo kaletewa Msambaa wa kumtania, na akaomba radhi kwamba kwake hakuna ndizi, nitakula bada kama watu wazima. Bada ni ugali wa muhogo. Nikamwambia tumekuwa tukisikia kwamba Wazigua hupika bada ngumu ili mgeni asirudie. Akacheka, akanipa chumba cha uani. Tangu siku hiyo mimi nilikuwa mjukuu wake, na bibi na mjukuu, kama kila mtu ajuavyo, wana ruhusa ya kutaniana mpaka basi.

Asubuhi iliyofuata nikaanza kazi kama nilivyofundishwa. Bibi aliamka kwa swala ya alfajiri na mimi niliamka kwa kadi zangu. Tulipishana mlangoni, yeye na kopo la kutawadhia, mimi na kibatari. Sikusema neno. Nilipita nimeinamisha kichwa, nikaketi kwenye kigoda na kuandika mpaka jua likatoka. Siku ya pili vilevile. Niliandika kadi saba, nikajisikia mtu.

Siku ya tatu nilipotoka kuandika nilimkuta bibi amekaa uani, hajawasha moto. Nikamwamkia. Hakuitikia.

"Mjukuu wangu," alisema, "nimekukosea nini?"

Nilishtuka. Nikamwambia hajanikosea lolote. Akasema katika nyumba ile, mtu anayeamka akakupita bila kukuamkia ana kinyongo au ana jambo baya anakwenda kulifanya, na siku tatu si bahati mbaya. Jirani ameshauliza. Usiku alikuwa anajikagua, labda ule utani wa ndizi ulinichoma.

Kwetu Bungu mtoto angefanya hivyo mara moja tu, ya pili angekula bakora. Nililijua hilo vizuri. Lakini nilikuwa nimeshavaa kichwa cha mkuu wangu, na katika kichwa kile shikamoo ilikuwa inanipotezea wakati. Nikamweleza bibi habari yote: miaka miwili, makala, kazi yangu ilivyo hatarini, na mzee wangu chuoni aliyenipa dawa ya kuandika kabla ya kusema na mtu. Alinisikiliza kwa makini. Aliuliza kama mzee huyo ana mke. Nikasema anaye. Akasema Mungu ampe subira mwanamke huyo.

Kisha akafikiri, akapata njia. "Basi nipe ya kesho leo," alisema. "Kila jioni kabla hujaingia kulala uniamkie ya kesho yake. Asubuhi ukinipita nitajua nimeshaipokea."

Ndivyo tulivyoishi miezi minane. Jioni nilimpa shikamoo ya kesho, akaniitikia, "Marahaba, mjukuu wangu," na alfajiri tukapishana kimya mlangoni bila deni. Wageni walituona wendawazimu. Kadi zikaongezeka. Sijawahi kufanya kazi nyingi kama ile katika maisha yangu, na nusu ya tija hiyo ilitokana na akili ya bibi, si ya mkuu wa idara.

Alinifundisha mengi kwa utaratibu wake. Alinipeleka shambani wakati wa kuvuna nikaona kwamba hachukui mbegu kwenye mahindi manono ya bondeni. Anakwea mteremko wa mawe, anachagua hindi lililopigwa na jua likazaa hivyohivyo. La bondeni limedekezwa, alisema, ukilipanda mwaka wa shida litakulilia. Mahindi aliyoyachagua aliyafunga kwa maganda yake na kuyaning'iniza darini, juu ya mafiga, yapate moshi. Yalikuwa mafungu matatu. La mbele ni la mvua za kwanza. La kati ni la kurudia endapo zitakatika. La nyuma, jeusi kwa masizi, halishushwi mpaka mawili yale yameshindwa, na haliliwi hata watoto walie kwa njaa chini yake.

Kabla ya kunieleza fungu hilo la nyuma alinitazama sana. Alisema hayo mama humwambia binti yake siku anapoolewa, na yeye hakujaliwa binti. Ananipa mimi. Hataki malipo. Anataka jambo moja tu, kwamba nikiandika niseme yametoka darini kwake, maana mabwana shamba wamekuwa wakipita mlangoni wakimwambia kwamba hajui kitu. Nikamwahidi. Niliahidi kwa roho safi.

Siku moja ya kushusha mbegu nilimfuata na kadi zangu. Akasimama chini ya dari, uso umetulia kabisa, akasema, "Andika hili. Anayeshusha mbegu hasalimii mtu asubuhi hiyo mpaka jua litoke. Akisalimia, mbegu zinakasirika, mahindi yanatoka majani matupu." Nikaandika mbio. Nikaweka kadi ya juu sandukuni na nakala ndani ya bahasha ya mwezi, nikaifunga kwa gundi kwa kuwa kesho yake nilikuwa naipeleka posta. Jioni, katikati ya kula, bibi akaanza kutikisika mabega. Akacheka mpaka akaweka tonge chini. Alikuwa ananisema mimi. Mpita watu bila kuwaamkia, aliyefanywa mila ya Wazigua bila kujijua. Nilicheka mpaka nikapaliwa. Halafu mbele yake nikaitoa kadi ile sandukuni nikaandika pembeni kwa wino mwekundu: utani, bibi ananicheka.

Nakala sikuisahihisha. Bahasha nilishaifunga, na nilijiambia haidhuru, kwani mwandishi si mimi?

Kuhusu bahasha hizo sikumwambia bibi kitu. Sijui kwa nini. Nadhani nilihofu kwamba atauliza maswali, na mimi sikupenda kuulizwa. Kila mwisho wa mwezi nilimwambia nakwenda Handeni mjini kununua chumvi na mafuta ya taa. Nilinunua kweli. Na nilipitia posta.

Nilirudi chuoni nikaandika makala yangu kwa wiki sita, asubuhi kwa asubuhi. Utani wa bibi sikuuweka. Jina la bibi na la kijiji niliyaweka ukurasa wa kwanza. Nikampa mkuu wangu aisome kabla sijaituma, kama ilivyokuwa heshima. Alisema anaipitia. Mwezi ukapita, anaipitia. Miezi minne anaipitia, na kila nikiuliza ananisifu kwamba nina bidii, nisiwe na pupa, kitu kizuri hakitaki haraka. Nilipompa nilikuwa nimebakiwa na miezi mitano tu ya majaribio. Sikumshuku hata kidogo. Kuta za chuo zilikuwa zimejaa picha za kupe na mirija, tulijua wanyonyaji wote kwa sura, wanene, wenye kofia na sigara. Yeye alikuwa mwembamba.

Jarida lilifika maktaba siku nikiwa natafuta kitabu kingine. Niliona kichwa cha habari cha makala ya kwanza na nikafurahi, nikadhani kuna mwenzangu anayefanya kazi kama yangu. Nilisoma nimesimama. Mteremko wa mawe ulikuwemo. Mafungu matatu yalikuwemo, na jeusi la nyuma. Kila mahali mwandishi aligundua, mwandishi alishuhudia, na mwandishi alikuwa mkuu wa idara yangu, ambaye kwa ninavyojua hakuwahi kufika Handeni. Jina la bibi halikuwemo. Kijiji hakikuwemo. Mwishoni alimshukuru msaidizi mmoja wa utafiti. Na katikati, kwa Kiingereza safi na kwa uzito wote wa taaluma, kulikuwa na aya nzima juu ya mwiko wa Wazigua: mwanamke anayeshusha mbegu hasalimii mtu kabla ya jua kutoka.

Nikaketi sakafuni, kati ya rafu. Kikulacho ki nguoni mwako, tumeimbishwa tangu darasa la pili, na bado siku ikifika mtu unashangaa kama hukuambiwa.

Nilimwendea ofisini. Nilitarajia aone haya. Akanivutia kiti kama siku zote.

"Ndugu, elimu ni mali ya umma," aliniambia. "Sisi tunajenga ujamaa, wewe unalilia jina. Hayo ni mawazo ya kibepari."

Nikamuuliza, ikiwa ni mali ya umma, kwa nini ameandika jina lake. Akatabasamu. Alisema ni lazima awepo mtu wa kuwajibika. Nikamwambia habari ya ule mwiko, kwamba hakuna mwiko, ni bibi alikuwa ananitania kwa sababu ya ushauri wake yeye mwenyewe wa kutosalimia. Kwa mara ya kwanza nilimwona akipepesa macho. Kisha akasema mambo ya mila yana tafsiri nyingi, na ana kikao.

Kadi yenye wino mwekundu niliipeleka mbele ya kamati iliyokaa kunijadili. Waliipitisha mkono kwa mkono. Mmoja aliuliza kama naweza kuthibitisha kwamba wino huo sikuutia juzi. Mwenyekiti akasema mambo ya ndani ya idara yamalizwe ndani ya idara. Makala yangu ilikuwa bado kabatini kwa mkuu, na sasa ilionekana mimi ndiye niliyeinakili ya kwake. Yeye alizungumza mwisho, kwa huzuni. Alisema alinifundisha njia zote za kazi, alinipa muda, lakini miaka miwili imekwisha na sina nilichochapisha. Waliandika kwamba sina tija. Neno hilo nimelibeba zaidi ya miaka arobaini. Kadi mia tatu na zaidi, miezi minane ya bada, sina tija.

Nikapata kazi ya ualimu Korogwe, shule ya karibu na reli. Mama alishuka kutoka Bungu na kikapu cha mapeasi kunipa pole, akakaa siku mbili, akaniambia nimshitakie Mungu. Nilimshitakia. Lakini nilijua kuna mtu mwingine anayenisubiri, na likizo ya kwanza nikapanda basi la Handeni nikiwa na jarida lile mkobani.

Nyumba ya mlimani haikuwepo tena. Bibi alikuwa amehamishiwa kijiji kipya, kando ya barabara, katika nyumba iliyonyooka na wenzake. Dari aliijenga upya kwa mikono yake, na mafungu matatu yalikuwepo, ingawa masizi yalikuwa bado hayajashika fito. Alinikumbatia, akaniuliza ndizi ziko wapi. Kabla hata sijanywa maji akauliza, "Umeandika kwamba tupo?"

Nilikuwa nimekwisha kuamua njiani. Nitamsomea kama yangu. Kiingereza hakijui, kusoma hajui, nani ataumia? Nikafungua jarida nikatafsiri kwa sauti, na kila palipoandikwa kwamba mwandishi aligundua, nilisema bibi wa Handeni alisema, darini kwake. Alikaa wima kwenye kigoda, mikono magotini, kama yuko arusini kwa mtu wake. Nilipofika kwenye ule mwiko ningeweza kuuruka. Sikuuruka. Nilitaka acheke, nami nicheke naye, angalau nipate hilo.

Alicheka mpaka machozi. Akapiga makofi. Akasema Wazungu sasa wanajua kwamba Mzigua hasalimii. Kisha akajifuta macho kwa ncha ya kanga, na kicheko kikaisha kidogo kidogo.

"Lakini wewe ulijua ni utani," alisema. "Jioni ileile uliandika kwa wino mwekundu, nilikuona. Aliyeandika humu hakujua."

Nikafunga jarida. Nikamwambia yote: mkuu, kabati, kamati, tija. Nililia, na nilidhani atalia nami. Alinisikiliza kama siku ile ya mwanzo, kwa makini. Nilipomaliza aliuliza jambo moja tu, yule bwana alizipataje kadi zangu akiwa mbali vile.

Nikamwambia nilikuwa nikimpelekea kwa posta, kila mwisho wa mwezi.

"Siku za chumvi?"

"Ndiyo bibi. Siku za chumvi."

Akaitazama dari. "Huyo mimi simjui," alisema. "Hajala kwangu, hajalala kwangu. Niliyempa ni wewe."

Miezi yote nilikuwa nimelia kwamba nimeibiwa, na kila nilipolihesabu jambo lile nilijihesabu mimi niliyeibiwa peke yangu. Tulikula. Jioni, kabla ya kuingia ndani, nilisimama mbele yake kama ilivyokuwa desturi yetu nikampa shikamoo ya kesho.

Hakuitikia. "Ya kesho utaniletea kesho," alisema, akachukua kibatari akaingia.

Alfajiri sikugusa kalamu. Nilisimama mlangoni nikimsubiri atoke na kopo lake la kutawadhia. Alitoka. Nikapiga goti kidogo, kama tulivyofunzwa kwetu.

"Shikamoo bibi."

Alisimama.

"Marahaba," alisema, akapita. Neno "mjukuu wangu" hakuliongeza.